Kuchagua Pawasaplai kwa Kompyuta Ndogo ya Kujiundia

Mwenyekiti wa kikao, mafundi wenzangu, wanafunzi, na ninyi nyote mnaopenda kuunda kompyuta kwa mikono yenu,

Nashukuru kwa nafasi hii ya kuzungumza juu ya pawasaplai, kile kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuwagawia vipuri vyote vya kompyuta, ambacho katika orodha nyingi za vipuri huandikwa chini kabisa, baada ya prosesa, kadi ya picha, ubao mama, memori na diski, kana kwamba kazi yake ni kujaza tundu lililobaki. Katika kompyuta kubwa ya mezani desturi hiyo haileti madhara makubwa, kwa sababu kasha lina nafasi ya kutosha na karibu pawasaplai yoyote nzuri ya kawaida itaingia. Katika kompyuta ndogo, pawasaplai ndiyo inayoamua kasha lipi litafaa, kadi ya picha iwe na urefu gani, hewa ipite wapi, na nyaya zikunjwe namna gani. Ninachotaka kuwasihi leo ni kwamba mtu anayeunda kompyuta ndogo aichague pawasaplai siku ileile anayochagua kasha, kabla hajanunua kitu kingine chochote, na aichague kwa kupima nafasi, joto na nyaya kwa uzito uleule anaoupa idadi ya wati.

Ninaposema kompyuta ndogo, nina maana ya ile iliyojengwa juu ya ubao mama wa Mini-ITX, yaani ule wa mraba wenye milimita 170 kila upande, ambao kampuni ya VIA Technologies iliutambulisha mwaka 2001, ukiwa ndani ya kasha lenye ujazo wa lita 20 au chini ya hapo. Wapo wanaoshuka hadi lita kumi, na wapo wanaofika tano au hata tatu. Kila lita inayopungua huondoa pembe ya kuficha waya uliozidi na pengo la kupitishia hewa yenye joto, na ndiyo maana uamuzi ambao kwenye kasha kubwa ungesamehewa, hapa hausameheki.

Tuanze na vipimo. Pawasaplai ya kawaida hufuata mfumo wa ATX ambao Intel iliutoa mwaka 1995. Upana wake ni milimita 150, kimo chake 86, na kina chake 140 au zaidi, na kwa jumla hula karibu lita 1.8. Ile inayotumika zaidi katika makasha madogo huitwa SFX, nayo ina upana wa milimita 125, kimo cha 63.5 na kina cha 100, hivyo hula karibu lita 0.8, yaani chini ya nusu ya ile kubwa. Ipo pia SFX-L, ambayo ni SFX iliyoongezewa kina hadi milimita 130 ili iweze kubeba feni ya milimita 120. Nyembamba kuliko hizo ni Flex ATX, yenye upana wa milimita 81.5, kimo cha 40.5 na kina cha 150, ambayo ni karibu nusu lita tu. TFX, ndefu na nyembamba, hukutwa zaidi katika kompyuta bapa za maofisini, na kwa anayejiundia ni nadra kuwa chaguo la kwanza.

Nawaomba mkae kidogo na zile milimita 30 zinazotofautisha SFX na SFX-L, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama. Kwenye karatasi zinaonekana ni kitu kidogo. Lakini nyaya hutokea upande uleule ambao urefu umeongezwa, na kiunganishi pamoja na mkunjo wa kwanza wa waya huhitaji sentimita mbili au tatu nyingine mbele yake. Kwa hiyo pawasaplai yenye kina cha milimita 130 kwa kweli inadai karibu milimita 160, na katika makasha mengi nafasi hiyo huchukuliwa kutoka kwa kadi ya picha au kutoka kwa kipozajoto cha prosesa. Mtengenezaji wa kasha anaweza kuandika kwa haki kabisa kwamba kasha lake linapokea SFX-L, na pia kwamba linapokea kadi ya picha yenye urefu fulani, bila kusema kwamba mambo hayo mawili hayawezi kutimizwa kwa wakati mmoja. Soma maelezo yote ya kasha, tafuta mchoro wake wenye vipimo, kata boksi la karatasi ngumu lenye ukubwa wa pawasaplai unayoifikiria ukilazimika, na uhesabu nyaya kama sehemu ya urefu wake. Mimi binafsi huipendelea SFX ya kawaida kila inapotosheleza mzigo, hata pale ambapo SFX-L ingeingia, kwa sababu nafasi inayobaki mbele yake huwa na thamani kuliko feni kubwa kidogo.

Sasa wati. Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni, "Je, wati ngapi zinatosha?" Jibu la kweli linahitaji hesabu fupi, na hesabu hiyo haianzi na tarakimu kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la prosesa. Prosesa ya AMD ya familia ya Ryzen iliyoandikwa wati 65 kwa kawaida huruhusiwa na ubao mama kuvuta hadi wati 88, na ile iliyoandikwa 105 huruhusiwa hadi 142. Kwa upande wa Intel, Core i9-13900K inatajwa kwa wati 125 za kiwango cha msingi, lakini kiwango chake cha juu kabisa kilichotangazwa na kampuni yenyewe ni wati 253. Anayehesabu kwa tarakimu ya kwanza atanunua pawasaplai ya kompyuta ambayo hana. Chukueni basi prosesa inayofika wati 88, ongezeni kadi ya picha yenye kikomo cha wati 200, kisha wekeni wati 50 kwa ubao mama, memori, diski, feni na vifaa vinavyochomekwa kwenye USB. Jumla ni wati 338, na kwa mashine kama hiyo pawasaplai nzuri ya wati 450 inatosha kwa raha.

Nasema "nzuri" kwa makusudi, kwa sababu kuna jambo lisiloonekana katika hesabu hiyo ya kujumlisha. Kadi za picha za kisasa hazivuti umeme kwa utulivu. Kadi yenye kikomo cha wati 200 hukaa kwenye wastani wa 200, lakini ndani ya muda mfupi kuliko elfu moja ya sekunde inaweza kuruka juu sana ya kiwango hicho na kurudi. Pawasaplai iliyoundwa kwa uangalifu huvumilia mruko huo, kwa kuwa kapasita zake, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, zina akiba ya kutosha na kinga yake dhidi ya mkondo uliozidi imepangwa isishtuke mapema mno. Iliyo dhaifu huona mruko uleule kama hatari, nayo huzima mashine nzima. Intel ililitambua tatizo hili rasmi katika toleo la ATX 3.0 la mwaka 2022, ambalo linazitaka pawasaplai zinazozidi wati 450 na zenye kiunganishi kipya cha kadi za picha zivumilie mruko wa hadi asilimia 200 ya uwezo wao kwa muda wa mikrosekunde 100. Anayenunua leo kwa ajili ya kadi ya picha yenye nguvu namshauri atafute pawasaplai inayofuata toleo hilo au lile la 3.1 lililofuata, badala ya kununua ya zamani yenye wati nyingi zaidi kwa kudhani kwamba wingi peke yake utatibu tatizo.

Jambo jingine la kusoma kabla ya kulipa ni ile lebo iliyobandikwa ubavuni. Karibu kazi yote kubwa ndani ya kompyuta ya leo, yaani prosesa na kadi ya picha, hulishwa kwa volti 12. Tafuteni mstari wa volti 12 kwenye lebo, chukueni ampea zake, mzidishe kwa 12. Pawasaplai ya wati 450 yenye ampea 37.5 kwenye mstari huo inaweza kutoa wati zake zote 450 pale zinapohitajika. Nyingine inaweza kuandikwa wati 450 zilezile huku mstari wa volti 12 ukiwa na ampea 25, ambazo ni wati 300 tu, na zilizobaki zikawa zimejumlishwa kutoka volti 5 na 3.3 ambazo mashine yako haitazigusa kwa kiasi hicho. Kwangu, lebo ya namna hiyo inatosha kunifanya nirudishe boksi rafuni.

Tufike kwenye joto, ambalo naomba tulikalie kwa muda mrefu kidogo. Pawasaplai hupokea umeme wa mkondo geu kutoka ukutani na kuutoa ukiwa mkondo mnyoofu wa volti ndogo, na katika kazi hiyo sehemu ya umeme hupotea ikiwa joto. Mashine ikihitaji wati 400 kutoka kwa pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 90, ukutani zitavutwa wati 444, na zile 44 za ziada zitakuwa joto ndani ya kile kiboksi cha lita 0.8. Ufanisi ukiwa asilimia 80, ukutani zitavutwa wati 500 na joto litakuwa wati 100. Katika kasha kubwa tofauti hiyo ni suala la bili ya umeme. Katika kasha la lita kumi, wati 56 za ziada ni sawa na kuweka humo prosesa nyingine inayofanya kazi isiyo na faida, karibu kabisa na ile uliyoinunulia kipozajoto cha gharama.

Hapa ndipo vyeti vya 80 PLUS, mpango ulioanza mwaka 2004, vinapokuwa na maana ya moja kwa moja kwetu. Kwa umeme wa volti 115, daraja la Bronze linadai ufanisi wa asilimia 82 pawasaplai inapobeba asilimia 20 ya mzigo wake, 85 ikiwa nusu, na 82 ikiwa imejaa. Daraja la Gold linadai 87, 90 na 87. Daraja la juu kabisa kwa umeme huo, Titanium, linaongeza sharti la asilimia 90 hata mzigo ukiwa asilimia kumi tu ya uwezo. Kwa kompyuta ndogo naona Gold ndiyo kiwango cha chini cha kuanzia, na Platinum, iliyo kati ya Gold na Titanium, inafaa kulipiwa ikiwa tofauti ya bei si kubwa na kasha ni dogo kweli. Hata hivyo, cheti hicho hupima ufanisi tu. Hakisemi kitu kuhusu utulivu wa volti, ubora wa kapasita, kelele ya feni, wala kinga dhidi ya hitilafu. Nimeona watu wakikichukulia kama cheti cha ubora wa kila kitu, na jambo hilo huniumiza kwa sababu linawapa imani mahali ambapo hakuna aliyewaahidi chochote.

Vilevile, vipimo vya cheti hufanyika katika joto la kawaida la chumba, ilhali pawasaplai yako itaishi ndani ya kasha lililofungwa, pengine mgongoni mwa kadi ya picha inayopuliza hewa ya moto. Wazalishaji makini hueleza ni kwa joto gani pawasaplai yao inaweza kutoa wati zake zote mfululizo. Nyingine huandikwa nyuzi 40 za Selsiasi, nyingine 50. Katika kasha dogo, hizo nyuzi kumi ni kigezo kikubwa cha kuchagulia kuliko wati hamsini za ziada. Kapasita za elektroliti, ambazo aghalabu ndizo huchakaa mapema ndani ya pawasaplai, hufuata kanuni ya makadirio inayotumiwa na wahandisi, kwamba kila joto linapopungua kwa nyuzi kumi, maisha yake huongezeka takriban mara mbili. Kanuni hiyo hufanya kazi upande wa pili pia. Kwa hiyo kapasita zilizoandikwa nyuzi 105 zina sababu ya kuwepo, na ukizikuta zimetajwa katika maelezo, ujue zimetajwa kwa mnunuzi kama wewe.

Mahali pa kuiweka na upande wa kuielekeza hubadilisha joto hilo kuliko watu wanavyodhani. Feni ya SFX huvuta hewa kutoka upande mmoja mpana na kuitoa nyuma. Kama kasha linaruhusu, elekezeni upande wa feni kwenye ubavu wenye matundu ili ivute hewa safi kutoka nje, na pawasaplai itajitegemea kabisa bila kugombania hewa na vifaa vingine. Ukiielekeza ndani itasaidia kutoa joto la kasha, lakini yenyewe itakuwa inakunywa hewa iliyokwisha kupashwa moto na kadi ya picha. Wakati mwingine hakuna hiari, kwa kuwa kasha limeamua. Katika hali hiyo ni busara kupanda daraja moja la ufanisi na kuacha akiba kubwa zaidi ya wati, ili pawasaplai isifanye kazi karibu na kikomo chake.

Kuhusu feni yenyewe, kanuni ni kwamba feni ndogo inapaswa kuzunguka kwa kasi zaidi ili kusogeza hewa ileile, na kasi ndiyo kelele. Feni ya milimita 92 katika SFX nzuri inaweza kuwa tulivu sana, na nyingi kati ya hizo husimama kabisa mzigo ukiwa mdogo. Feni ya milimita 40 katika Flex ATX haina bahati hiyo. Aina hiyo hutumika pia katika seva bapa, mahali ambapo hakuna anayekaa karibu nayo kusikiliza, na ukiileta mezani pako utaisikia. Wapo wanaoifungua na kubadilisha feni. Ninawaomba msifanye hivyo. Ndani ya pawasaplai za kisasa zinazotumia sakiti ya kurekebisha kigezo cha nguvu, kapasita kubwa ya upande wa ukutani huchajiwa hadi karibu volti 400, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Mtu anaweza kupoteza maisha kwa ajili ya kelele ambayo angeiepuka kwa kuchagua kasha lililo kubwa kwa lita moja.

Kuna njia nyingine kabisa ya kukwepa joto na kelele, nayo ni kuitoa pawasaplai nje ya kasha. Badala ya kiboksi cha ndani, unatumia adapta ya nje kama ile ya laptopu, inayogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12 au 19, na ndani ya kasha unaweka kibao kidogo kinachotoa volti nyingine zinazohitajika. Baadhi ya vibao hivyo ni vidogo kiasi kwamba huchomekwa moja kwa moja kwenye tundu la pini 24 la ubao mama na havichukui nafasi nyingine yoyote. Kwa kompyuta isiyo na kadi ya picha ya kujitegemea, ile ya kuandikia, kutazama video, kuhifadhi faili au kuendesha seva ndogo ya nyumbani, ninaiona kuwa njia bora kuliko zote, na ninasikitika kwamba haizungumzwi vya kutosha. Joto la kugeuza umeme hubaki nje, feni moja inapungua, na adapta ikiharibika inabadilishwa bila kufungua kasha. Tahadhari yake ni moja. Vibao vinavyopokea volti 12 mara nyingi huzipitisha volti hizo moja kwa moja hadi kwenye prosesa bila kuzirekebisha, kwa hiyo ubora wa adapta ndio ubora wa umeme wako wote. Adapta ya bei ya chini inayoshuka volti kila mzigo unapopanda itakupa mashine inayojizima bila maelezo. Vibao vinavyopokea volti 19 huzirekebisha wenyewe, na kwa sababu hiyo havitegemei sana uangalifu wa adapta. Katika miaka ya karibuni pia zimetokea pawasaplai zisizo na feni zinazotumia transista za galiamu nitridi, ambazo hupoteza umeme kidogo kuliko za silikoni zinapowashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa. Zimeiruhusu njia hii isogee hadi mashine zenye kadi ya picha ya wastani.

Nyaya sasa. Katika kompyuta ndogo nyaya ni vipuri kamili, na zinastahili kuchaguliwa kama vipuri. Pawasaplai ya ukubwa wa ATX huja na nyaya ndefu za kufikia pembe zote za kasha kubwa. Ukizileta hizo katika lita kumi, utajikuta unazisokota mbele ya feni. SFX huja na nyaya fupi zaidi, na nyingi kati yake ni za kuchomeka na kuchomoa, kwa hiyo ile usiyoihitaji inabaki ndani ya boksi. Pimeni kwa uzi urefu halisi kutoka pawasaplai hadi kwenye tundu la prosesa, ambalo katika ubao mama nyingi liko kwenye ukingo wa juu, kwa sababu waya huo ndio unaopungukiwa mara nyingi. Pimeni mkifuata njia ambayo waya utapita kweli, kwenye pembe na chini ya kadi, badala ya mstari ulionyooka.

Kuna onyo ambalo ningependa lisikike hata na aliyekaa nyuma kabisa. Upande wa waya unaoingia kwenye ubao mama, kwenye kadi au kwenye diski unafuata mpangilio wa pamoja, lakini upande unaoingia kwenye pawasaplai yenyewe haufuati mpangilio wowote wa pamoja. Mtengenezaji mmoja anaweza kuweka volti 12 mahali ambapo mwingine ameweka volti 5, na hata modeli mbili za mtengenezaji mmoja zinaweza kutofautiana, ilhali plagi zinaingia vizuri kabisa bila kulalamika. Diski zilizounguzwa kwa kuchanganya nyaya za namna hiyo ni nyingi, pamoja na kumbukumbu zilizokuwemo. Ukibadilisha pawasaplai, badilisha nyaya zote. Ukinunua nyaya za kushonewa kwa kipimo chako, mtajie mshonaji modeli kamili ya pawasaplai, na kabla ya kuziunganisha na kitu chochote, pima kila pini kwa mita ya kupimia volti.

Kiunganishi kipya cha kadi za picha kinadai heshima ya pekee. Kimeundwa kubeba hadi wati 600. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 50, zinazogawanywa kwa pini sita, yaani zaidi ya ampea nane kwa kila pini ndogo. Pini moja isipogusa vizuri, mzigo wake hauondoki, unahamia kwa jirani zake, na joto linaanza. Toleo la kwanza liliitwa 12VHPWR, na lililolifuata, 12V-2x6, limefupisha zile pini nne ndogo za mawasiliano ili kadi isipate umeme kamili kama plagi haijaingia hadi mwisho. Katika kasha dogo hatari huongezeka kwa sababu kifuniko cha ubavuni mara nyingi huusukuma waya upinde ukiwa bado karibu sana na plagi. Acheni sentimita tatu na nusu hivi za waya ulionyooka kabla ya mkunjo wa kwanza, na kama kifuniko hakiruhusu, basi kadi hiyo na kasha hilo havikuumbwa kwa ajili ya kuishi pamoja, hata kama milimita za urefu zinakubaliana.

Juu ya ubora wa umeme wenyewe nitasema kwa ufupi, maana hapo mnunuzi hutegemea vipimo vya watu wenye vyombo. Kwa miaka mingi kanuni za ATX zilitaka mstari wa volti 12 ubaki kati ya volti 11.4 na 12.6, na mawimbi madogo yanayobaki juu yake yasizidi milivolti 120. Pawasaplai nzuri hukaa mbali sana na mipaka hiyo. Kanuni hizo zilitaka pia pawasaplai iendelee kutoa umeme kwa milisekunde 16 au 17 hivi baada ya umeme wa ukutani kukatika, muda ambao ni mfupi kuliko wimbi moja kamili la umeme wa hezi 50, lakini unatosha kuzuia mashine kuzimika kila taa inapopepesa. Kuna pawasaplai ndogo ambazo hubana kapasita hiyo ya akiba ili zitoshee katika kiboksi, na upungufu huo hauonekani popote kwenye lebo. Tafuteni mapitio ya watu waliopima kwa vyombo, yenye grafu za mzigo, joto na muda huo wa kuhimili, na muyape uzito kuliko mapitio yanayoonyesha boksi likifunguliwa.

Baadhi yenu mtataka kujua kama inafaa kununua wati nyingi mno kwa ajili ya siku zijazo. Kiasi fulani, ndiyo. Mtu anayejua kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili atabadilisha kadi ya picha ana haki ya kununua wati 600 au 750 mapema, na kwa kuwa nyingi za ukubwa huo zinapatikana ndani ya vipimo vilevile vya SFX, nafasi haipotei. Lakini pawasaplai ya wati 1000 katika mashine inayovuta 300 ikiwa kazini kabisa, na kidogo sana ikipumzika, hutumia saa zake nyingi ikiwa kwenye mzigo mdogo sana, mahali ambapo ufanisi wake ni wa chini, na pesa zilizokwenda kwenye wati hizo zingenunua daraja la juu la ufanisi, kapasita bora, au dhamana ndefu. Dhamana ya miaka saba au kumi ni ahadi ambayo mtengenezaji huigharamia mwenyewe akikosea, na kwa sababu hiyo mimi huisoma kwa makini kuliko maneno mengine yote ya kwenye boksi.

Mashine ikishakamilika, ijaribiwe ikiwa imefungwa, kifuniko na skrubu zote mahali pake, maana kasha lililo wazi hudanganya juu ya joto. Endesheni programu inayobebesha prosesa na kadi ya picha mzigo kwa pamoja kwa muda wa saa moja, huku mkifuatilia joto na kuusogezea mkono mdomo wa nyuma wa pawasaplai. Mashine ikijizima mara tu mzigo unapoanza, au wakati mchezo unapofungua ukurasa wake wa kwanza wenye picha nzito, shaka ya kwanza ielekezwe kwenye ile miruko ya mkondo niliyoitaja, na dawa ya muda ni kupunguza kikomo cha wati cha kadi katika programu yake. Ikijizima baada ya dakika ishirini au thelathini za kazi ya mfululizo na ikakataa kuwaka hadi ipoe, basi kinga dhidi ya joto ndiyo iliyofanya kazi yake. Kabla ya kuirudisha pawasaplai dukani, fungueni kifuniko mrudie jaribio lilelile, na ikiwa safari hii itamaliza saa nzima bila kuzimika, tatizo liko kwenye njia ya hewa ya kasha.